Chekeche la Korongoni

Chekeche lilikufa asubuhi, mbele ya macho ya Siwatu, kwa kukohoa. Alikuwa ameshika kikombe chake cha mchaichai, anasubiri mashine ipate moto kama kila siku, mara feni ikakwaruza, ikatema vumbi jekundu, kisha kimya. Akaipiga ngumi ya ubavuni kama alivyofundishwa na aliyemtangulia. Kimya. Akaibembeleza kwa maneno mazuri. Kimya vilevile. Mashine iliyowapima watu wote wa Korongoni tangu enzi za mabibi zao walioshuka Mirihi ilikuwa imekwenda zake bila hata kuaga.

"Mama, usiniambie," alisema Tunu, binti yake, akiingia karakana na mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani. "Leo? Na wanangu wanatoka arobaini keshokutwa?"

"Sasa mimi nimeiua? Kaa chini, usinitie kiwewe."

Tunu alikuwa na haki ya kulalama. Korongoni mtoto hatoki arobaini hivi hivi. Ananyolewa nywele, anavishwa nguo mpya, anapelekwa ukumbini mbele ya tangi la maji, na tone la damu yake linatiwa kwenye Chekeche. Mashine inasoma vinasaba vyake na kutamka: huyu ni Samawati, au Zambarau, au Kijani, au Manjano. Hapo Siwatu anamfunga mkanda mkononi na akina mama wanapiga vigelegele. Mkanda ndio unaosema mtoto atakaa upande gani wa mji, atachota maji bomba lipi, atapewa dozi gani homa ya vumbi ikimshika, na akikua atamposa nani. Ngozi haikuhusika. Ndani ya kila mkanda walikuwamo weusi ti, na maji ya kunde, na wale wa kahawia iliyopauka kama chai ya maziwa mengi. Lakini muulize mtu yeyote wa Korongoni, atakuapia kwamba Mmanjano anamjua kwa mwendo tu, na kwamba Wazambarau wote wana mkono wa bustani na mdomo wa kusema ovyo. Siwatu mwenyewe alikuwa akiyasema hayo, tena kwa mbwembwe.

Alikwenda stoo, akavuta sanduku la akiba. Ndani mlikuwa na Chekeche la pili, ndugu wa lile la kwanza, halijawahi kuwashwa tangu lilipofungwa kule Duniani. Akalifuta, akalihamishia kumbukumbu za watu wote wa mji, akabonyeza swichi. Likanguruma vizuri. Kwenye skrini yakatokea maneno ambayo Siwatu, kwa miaka yake yote ya kazi ile, hakuwahi kuyaona.

IDADI YA MAKUNDI?

Akajikuna kichwa. "Hii nayo imeamka na wazimu. Si ndiyo kazi yako wewe kujua?"

"Inasemaje?" Tunu aliuliza.

"Inaniuliza yako makundi mangapi."

"Si manne! Mwambie manne, mama, twende. Watoto watalia njaa sasa hivi."

Basi Siwatu akaandika nne. Watu wa Korongoni walitokea kwenye skrini, kila mtu nukta yake, wakapata rangi zao nne, na alipotupa jicho aliona kila mmoja pale alipomzoea. Akashusha pumzi. Ili kuijaribu kabla ya siku yenyewe, akachukua tone la damu kwa Kulwa, aliyepiga ukelele mmoja na kusahau, na tone la pili kwa Doto, dada yake, aliyelia kama anachinjwa. Pacha hawa hawakutoka katika yai moja. Mmoja wa kiume, mmoja wa kike, kila mmoja alichota kwa baba na mama alivyojaliwa.

Kulwa: Samawati, kama baba, mama na bibi.

Doto: Zambarau.

Tunu alimvuta Doto kifuani, akamfunika kichwa kwa kiganja kana kwamba skrini ile ingeweza kumchoma. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama. Sema imekosea."

Siwatu alipima tena. Haikukosea. Alijua inavyotokea: wazazi wote wawili walikuwa Samawati wa pembeni kabisa, jirani na Zambarau, na mtoto akichota upande fulani kwa huyu na upande fulani kwa yule, anajikuta amevuka. Watoto wa namna hiyo waliitwa watoto wa kuhama. Huletwa na mama yao hadi ukumbini, na kutoka pale huondoka na mama mwingine, wa mkanda wao. Mama mzazi huruhusiwa kwenda kuwaona sikukuu. Siwatu alikuwa amewafunga watoto wa kuhama wa kutosha, akawaambia "Mungu akukuze," akawakabidhi, na jioni akala ugali wake vizuri.

"Ngoja," alisema. Hakujua anangoja nini. Vidole vyake vilirudi kwenye lile swali, na kwa hasira tu, kama mtu anayempiga teke kiti alichojikwaa, akaandika tano.

Alitegemea mashine igome, lakini ilipanga. Bila kusita, bila kutoa onyo, nukta zilezile zikajigawa katika makundi matano safi, na kila kundi likaonekana limekuwapo siku zote. Kulwa na Doto walikuwa pamoja.

"Haya!" Tunu aliruka. "Iache hapohapo! Mama, usiguse kitu!"

Lakini Siwatu alikuwa ameshaandika sita. Makundi sita, safi vilevile. Mzee Ndimbo, Msimamizi wa Mikanda, akaenda huku, na mwanawe Osmundi akaenda kule. Akaandika tatu. Kulwa na Doto wakatengana tena, ila sasa kona ya chini palikuwa na nukta mbili zilizokaa kundi moja, na Siwatu alipozisoma majina alizima skrini haraka, kabla Tunu hajaona.

Alimwambia binti yake aende akanyonyeshe. Alipobaki peke yake aliiwasha tena na kuzifuta rangi zote, aone watu walivyo kabla ya kuulizwa swali. Walikuwa wametawanyika kama unga uliomwagika mezani: hapa mzito, pale mwepesi, lakini popote ulipopitisha kidole hukukuta mahali palipokatika. Tofauti zilikuwapo, wala si za kubuni. Huyu ana damu inayovumilia hewa nyembamba, yule tumbo lake linakubali maziwa, mwingine mrefu, mwingine macho yake yanaona vizuri gizani. Ila kila tofauti ilishika njia yake na kukatiza zile nyingine bila kuzijali. Chekeche halikuwa likiyakuta makundi. Lilikuwa likikata idadi uliyoagiza.

Maisha yake yote Siwatu aliamini anasoma kitu kilichoandikwa. Aliona aibu iliyompandisha joto hadi masikioni.

*

Mzee Ndimbo alikuwa shambani, chini ya taa za mchicha, ameinama anang'oa majani yaliyoungua. Mkanda wake wa manjano ulikuwa umefifia kwa kufuliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekunja uso hivyo, nani kafa?"

"Chekeche."

"Aa. Basi alikuwa mgonjwa siku nyingi." Akacheka, kisha akaona Siwatu hacheki, akajinyoosha taratibu huku ameshika kiuno. "Kuna nini?"

Siwatu alimweleza yote: swali, nne, tano, sita, tatu. Alimwambia na habari ya Osmundi. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, na alipomaliza alibaki anasugua jani la mchicha kati ya vidole.

"Unataka niseme nilikuwa sijui," alisema. "Sikuwa najua. Lakini sishangai sana, na hilo ndilo baya. Siwatu, wewe hukuiona homa ya vumbi ilipoanza. Mimi nilikuwa mtoto. Watu walipigania dawa pale kwenye tangi kama mbwa. Baba yangu alivunjwa taya kwa ajili ya kidonge kimoja, na aliyemvunja alikuwa jirani yake. Dawa ilipungua, wengine ikawaua kwa kuzidi, wengine haikuwashika. Ndipo wakubwa wakasema tupange watu, kila kundi na dozi yake, kila kundi na foleni yake. Tangu siku ile hakuna aliyevunjwa taya. Mikanda ni amani yetu, mwanangu. Iwe kweli au iwe nini, ni amani."

"Dozi zenyewe haziko sawa, mzee. Kile kipimo cha ini kiko zahanati, mwaka jana niliwapima nacho watu wote. Ambao ini lao linaimaliza dawa haraka wako mikanda yote minne, na wa polepole vilevile. Wewe na mimi ni mikanda miwili na ingetufaa dozi moja. Tunu ni Samawati mwenzangu, ninayoweza kunywa mimi itamuua."

"Uliyasema haya mwaka jana?"

"Nilidhani ni kasoro ya kipimo."

Mzee aliguna. Akasogea karibu na kupunguza sauti, ingawa shambani hapakuwa na mtu.

"Sikiliza. Weka nne. Doto mfunge samawati, akae na pacha wake na mama yake. Mimi keshokutwa nitakuwa na mafua, macho yananitoka machozi, skrini sitaiona. Mtoto mmoja tu, nani atapungukiwa nini? Lakini usiniangushie mji."

Jamani, ni nani angelikataa hilo? Siwatu alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru, akatoka shambani moyo mweupe kabisa. Njia nzima alikuwa akitabasamu peke yake.

*

Mkunde alikuwa jikoni kwa Tunu, ameweka ungo magotini, anachambua mchele wa arobaini. Huo mchele ulikuwa umewekwa akiba tangu mimba ilipojulikana, maana Mirihi mpunga unaota kwa kudekezwa. Mkunde na Siwatu walitenganishwa na ukuta mmoja tu, wote Samawati, na hapakuwa na shughuli ya mmoja ambayo mwenziwe hakuipikia.

"Dada, nimesikia," alisema Mkunde bila kuinua macho. "Tunu kaniambia. Doto kaangukia Zambarau."

Siwatu alitaka kusema hapana, mambo yamekwisha, mzee amefumba macho.

"Usiumie sana," Mkunde aliendelea, akitoa kijiwe na kukitupa pembeni. "Atazoea. Mtoto mdogo hajui kitu. Lulu wangu alizoea upesi mno, sikukuu nikienda ananisalimia kwa adabu kabisa, 'shikamoo, mama mdogo.' Anakula vizuri, ananawiri." Aliupeta mchele mara moja, mara mbili. "Mimi ndiye sijazoea."

Akacheka kidogo, kama mtu aliyesema jambo la kipuuzi, na kuendelea kuchambua.

Siwatu aliketi kwenye kigoda. Mikono yake hii ndiyo iliyomfunga Lulu mkanda wa kijani. Na zile nukta mbili za kona ya chini, alizozizima haraka Tunu asizione, zilikuwa Mkunde na Lulu. Kama mtu wa kwanza aliyeiwasha ile mashine ya zamani angebonyeza tatu badala ya nne, yule mtoto angekuwa amelala upande wa pili wa ukuta wa Siwatu miaka yote, na asubuhi wangekuwa wakisikia kelele zake.

Na angebonyeza tatu, wangelia wengine. Kila namba ilikuwa na watu wake wa kulia. Hapakuwa na namba ya kumfaa kila mtu, na Siwatu sasa alikuwa na ruhusa ya kumwokoa wa kwake na kunyamaza.

"Mbona umepauka?" Mkunde aliuliza. "Hujala nini? Nikupakulie?"

"Sina njaa, mdogo wangu."

"Utakula. Kilio cha mjukuu si cha kulia na tumbo tupu." Akampakulia ugali na mchicha, akakaa kumtazama hadi akaumaliza.

*

Siku ya arobaini ukumbi ulijaa. Mikanda minne ilisimama kwa pande zake nne, kila upande mbele ya bomba lake, na katikati tangi kubwa la chuma lililokuwa likitoa ubaridi. Kulwa na Doto walikuwa wamenyolewa, vichwa vinang'aa kwa mafuta. Tunu alimtazama mama yake kwa matumaini, kwa kuwa alikuwa ameambiwa habari ya mafua ya Mzee Ndimbo. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa mbele na leso mkononi, ameshaanza kujifuta macho.

Siwatu aliwasha Chekeche. Swali likatokea. Akalishika lile sanduku kwa mikono miwili na kuligeuza, skrini ikawatazama watu.

Leso ya Mzee Ndimbo ikasimama hewani.

"Ndugu zangu," alisema Siwatu, "mashine mpya inauliza swali. Inauliza makundi mangapi. Mimi ni mfungaji wa mikanda tu, hilo si langu kujibu. Niandike ngapi?"

Kikapita kicheko. "Manne, Bi Siwatu! Umezeeka?"

"Kwa nini manne?"

"Eh! Si hayo hapo," mwanamke mmoja wa Zambarau alisema, akionyesha tangi. "Mabomba manne, watu wa namna nne."

"Mabomba yalikuwapo kabla ya mikanda, mama. Hilo lilikuwa tangi la mafuta la chombo kilichowaleta bibi zetu. Injini zilikuwa nne, ndiyo maana limetobolewa mara nne. Sote tunalijua hilo, watoto wanafundishwa shuleni."

Walilijua, kweli. Hakuna hata mmoja aliyebisha. Waliligeukia tangi na kulitazama, wakatazamana.

"Yeyote aje aandike namba anayotaka," Siwatu alisema.

Hakusogea mtu. Mwishowe aliyeinuka ni Mzee Ndimbo. Alitembea polepole, akasimama mbele ya skrini, akamtazama Siwatu kwa jicho la mtu aliyeangushiwa mji. Kisha akaandika sita. Makundi sita yakajipanga. Alitafuta nukta yake, akatafuta ya Osmundi, akaikuta upande mwingine kabisa.

"Osmundi," aliita bila kugeuka. "Njoo usimame hapa." Na mwanawe, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaja akasimama kando yake.

"Na dawa je?" mtu aliuliza kutoka nyuma, kwa sauti ya wasiwasi. "Homa ikija tutapewaje?"

Siwatu akafungua kinywa, lakini aliyejibu ni mzee. "Utapimwa ini lako. Lako wewe. Tone la damu tu, kipimo kiko zahanati." Akawageukia watu. "Foleni tutapanga. Mtajipanga kama watu wazima, au mtanivunja taya na mimi."

Hapo ndipo Mkunde alipojitokeza. Alikuwa bado na kanga ya jikoni kiunoni. Hakumtazama mtu. Aliandika tano, akasoma, akatikisa kichwa. Akaandika tatu. Siwatu alimwona akitafuta kwa kidole, safu kwa safu, mpaka kidole kikafika kona ya chini na kukoma.

Hakupiga kelele. Alikigusa kioo pale, kwenye nukta mbili, kisha akageuka na kumtazama Siwatu.

"Uliiona lini, dada?"

"Juzi."

"Kabla sijakuja kuchambua mchele."

"Kabla."

Mkunde aliinamisha kichwa, akafikiri. Sauti yake ilipotoka haikuwa na hasira, na Siwatu angependa iwe nayo.

"Na kama Doto angeangukia Samawati?"

Tunu alikuwa amesimama hatua chache tu, pacha wake wote wawili mikononi, mikono yao midogo mitupu. Ukumbi mzima ulikuwa ukimsikiliza Siwatu. Angeweza kusema lolote na wangemwamini.

"Ningeandika nne," alisema. "Nisingekuwa na swali."

Mkunde aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei aliyoitegemea. Kisha akakatiza ukumbi kwenda upande wa Kijani, watu wakampisha, mpaka mbele ya msichana mrefu aliyesuka nywele, aliyekuwa akimtazama kwa macho yaliyomtoka. Mama aliyemlea alikuwa nyuma yake, amemshika mabega. Mkunde alimsalimia kwanza yule mama, kwa heshima, wakashikana mikono, na mikono ile haikuachana upesi. Ndipo akamwambia mtoto:

"Lulu, nina kiu. Nipeleke ukanichotee maji."

"Bomba gani, mama mdogo?"

"Lolote lililo karibu."